Kabla ya Masika: Kuiandaa Nyumba na Familia kwa Kimbunga

Tumekua tukiambiwa kwamba vimbunga ni vya Madagaska na Msumbiji, kwetu Pwani havifiki. Kwa sehemu ni kweli. Madagaska imelala baharini kama ukuta na hupokea vingi vinavyotoka mashariki, na kadiri unavyokaribia ikweta ndivyo mzunguko wa dunia unavyokosa nguvu ya kuusokota upepo hadi uwe kimbunga. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na kuiangusha mikarafuu ya Unguja, hata Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi na kuua watu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma. Na Mei 2024 Hidaya ikafika Mafia.

Itazame miezi yenyewe. Ni katikati na mwisho wa masika, wakati ardhi imeshashiba, mito imejaa na kuta za udongo zimelowa tangu Machi. Upepo ambao Januari ungeng'oa matawi tu, Aprili unaangusha mti mzima kwa sababu mizizi imekaa kwenye tope. Kwa hiyo mwongozo huu ufanyie kazi mwishoni mwa Februari, jua likiwa bado kali na fundi bado hajaelemewa na kazi. Nimewakusudia hasa wakaao Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara, ingawa ndugu zao wa Dar es Salaam, Tanga na Unguja watapata chao humu.

Anza na mazungumzo kabla ya begi la dharura. Nimeona familia zenye tochi, maturubai na dumu za maji zikibaki ndani ya nyumba mbovu kwa sababu usiku wa dhoruba hakuna aliyekuwa na kauli ya kusema tuondoke. Baba anasubiri, mama anamsubiri baba, bibi anasema yeye hatoki kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe. Saa zinakwenda, giza linaingia, mvua inaanza kupiga ubavuni, na sasa kutoka kumekuwa hatari kuliko kubaki. Uamuzi wa kuondoka unatakiwa ufanyike mchana, watu wakiwa wameshiba na akili zimetulia, tena miezi kabla.

Kaeni jioni moja mkubaliane neno moja lisilo na mjadala. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa zake kwa ngazi: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Basi nyumba yenu iseme, kwa mfano: mkoa wetu ukitajwa kwenye njano, maji yanajazwa na simu zinachajiwa. Ikifika chungwa, bibi, wajawazito na watoto wadogo wanahamia kwa shangazi kabla ya alasiri. Ikifika nyekundu, hakuna anayelala humu. Na mkubaliane kwamba hilo halitabadilika hata kama jua linawaka na anga ni buluu. Kimbunga kikiwa bado mbali, kinachotangulia kufika mara nyingi ni mawimbi makubwa mazito, huku juu kukiwa shwari kabisa. Anayesubiri mawingu ndiyo aamini amechelewa.

Kuna jambo linaloharibu utii huu, nalo ni utabiri uliopita bila kutimia. Kenneth ilipokuwa inakuja, watu wa Mtwara walihamishwa, kisha kimbunga kikatua kusini zaidi. Mwaka 2021 kimbunga Jobo kikaisha nguvu kabla hakijafika kwetu. Baada ya hapo ukisema kimbunga, mtu anakujibu, "Si ndiyo yale yale ya juzi." Waelezeni watoto, na mzee anayebisha muelezeni kwa adabu: kimbunga kikiwa baharini hubadili njia, na tofauti ya kilomita mia moja, ambayo si kitu kwenye ramani, ndiyo inayoamua kama ni Mtwara au ni ng'ambo. Usiku mmoja wa kulala kwa shangazi bila sababu haujamdhuru mtu.

Sasa mahali pa kwenda. Usiseme tu "tutaenda shuleni". Nenda kaiangalie hiyo shule. Ina kuta za tofali za saruji? Paa lake limefungwa au mabati yanapiga kelele kwa upepo wa kawaida? Iko juu ya maji ya mto na bahari? Muulize mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji ni majengo gani yametengwa kwa ajili hiyo; kama hajui, swali lako litamfanya aulize juu. Kisha itembeeni njia nzima kwa miguu mkiwa na watoto. Hesabuni mnavuka makorongo mangapi. Kama njia ya mkato inapita bondeni, hiyo haiko kwenye mpango, kwa sababu maji yanayokwenda kasi yakifika kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 zinabeba gari. Wakazi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, hawahitaji kuelezwa hili.

Tuje kwenye begi. Ushauri wangu ni kwamba lisiwe begi. Liwe ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, ile inayouzwa na rangi ya nyumba, iliyooshwa ikanukia sabuni. Ndoo haipenyezi maji, inabebwa kichwani mikono ikabaki huru kushika watoto, mkifika ni kiti cha mjamzito, na ikimwagwa vitu inachotea maji. Igeuze juu chini kwanza ikiwa na maji ndani, ukaone kama mfuniko unavuja. Unaovuja ubadilishe.

Chini kabisa weka nguo: suruali au dera moja na fulana moja kwa kila mtu, kanga mbili, shuka jepesi. Kanga ni taulo, ni pazia la kujisitiri, ni mbeleko, ni bandeji. Juu yake weka vifaa vya mama na mtoto, nepi za kitambaa na pedi za kutosha wiki nzima, maana kwenye kambi hivi ndivyo vinavyokosekana kwanza na ndivyo wanawake wanavyoona haya kuviomba. Sabuni mche mmoja. Kisu kidogo, kamba ya manila mita kumi, viberiti viwili ndani ya chupa kavu iliyofungwa, filimbi kwa kila mtoto. Sauti ya mtu aliyefukiwa au aliyezingirwa na maji hukauka upesi, filimbi haichoki.

Nyaraka zipewe heshima yake. Kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa, vya shule, hati ya kiwanja au makubaliano ya mauziano, kadi ya bima, kadi za kliniki, kitabu cha benki. Kila kimoja kipigwe picha na picha zitumwe kwa ndugu anayeishi mbali, Dodoma au Mbeya, mahali ambapo dhoruba hiyo hiyo haitafika. Vyenyewe vifungwe kwenye mfuko wa nailoni mzito, utoe hewa yote, ukunje mdomo mara tatu, ufunge kwa mpira, kisha uingize mfuko huo ndani ya mwingine mdomo ukielekea upande wa pili. Jaribu kwa kuuzamisha kwenye karai ukiwa na gazeti ndani. Gazeti likitoka kavu, umefunga vizuri.

Dawa ni jambo la uhai. Mwenye presha, kisukari, pumu, kifafa, au anayetumia dawa za kufubaza VVU, asikubali kubakiwa na vidonge vya siku mbili wakati wa masika. Aende kituo mapema, aseme wazi kwamba anaogopa barabara kukatika. Majina ya dawa na vipimo yaandikwe kwenye karatasi, kwa sababu muuguzi wa kambini hamjui na sanduku la vidonge linaweza kusombwa. Insulini huharibiwa na joto kali, na umeme utakatika siku ya kwanza: ifungwe ndani ya mfuko mkavu, uwekwe kwenye chungu cha udongo kilichokaa ndani ya kingine, na katikati yake mchanga uliolowanishwa. Chungu kikae kivulini, penye hewa. Mjamzito aliyekaribia siku zake asingoje ngazi ya nyekundu. Ahamie karibu na hospitali akiwa na kadi yake mkononi.

Ongeza dawa ya chumvichumvi kwa kuhara. Ikikosekana, kila mtu mzima nyumbani ajue kuichanganya: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi isizidi kabisa. Mfundishe na mtoto wa miaka kumi na miwili. Huenda ndiye atakayebaki na mdogo wake.

Maji yenyewe yahesabiwe. Kunywa na kupika kidogo kunataka kama lita nne kwa mtu mmoja kwa siku. Familia ya watu sita kwa siku tatu ni lita 72, yaani dumu nne za lita 20. Kwa Dar es Salaam siku tatu zinaweza kutosha. Kwa watu wa Kilwa kwenda kusini nasema wiki nzima, na sababu ni Hidaya: upepo ulipita, lakini barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga, na mikoa ya kusini ikakaa siku kadhaa bila njia hiyo. Boti za Zanzibar nazo zilisimama. Dukani vitu havikuja. Kama unakaa kisiwani, jihesabu umo kwenye fungu hilo hilo.

Kwa chakula, usinunue vitu ambavyo familia haijawahi kula. Unga na mchele vipo tayari, lakini vinataka kuni kavu, na kuni kavu ndicho kitu cha kwanza kupotea. Basi weka karanga za kukaanga, tende, kashata, biskuti kavu, dagaa waliokaangwa na kukaushwa, korosho kama ni msimu wenu, sukari. Kopo la samaki lisahauliwe kama hakuna kifungulio. Mkaa debe moja ufungwe kwenye mfuko wa nailoni, na jiko liwe dogo linaloingia ndani ya ndoo ya pili. Jiko la mkaa lisiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya upepo. Hewa yake huua watu usingizini.

Pesa taslimu ni lazima. Tumezoea kila kitu kiwe kwenye simu, na minara ikianguka simu ni kioo tu. Weka noti ndogo ndogo, za elfu moja na elfu mbili, maana siku hiyo hakuna mwenye chenji ya elfu kumi. Andika namba za ndugu kwenye karatasi, na watoto wakariri namba moja ya yule ndugu wa mbali. Kila aliyetawanyika ampigie huyo, naye ndiye awe kiungo. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji nayo waijue. Redio ndogo ya betri inunuliwe hata kama nyumba ina simu tatu.

Nyumba sasa. Upepo wa kimbunga huliua paa kwa kulinyanyua, kwa hiyo kuliwekea mawe au matairi hakusaidii. Mawe na matairi hayo yatakuja kuangukia watu. Panda, au mpandishe fundi, muangalie mambo mawili. Kwanza misumari ya bati: yenye kutu na iliyolegea ing'olewe, kingo za paa zipigiliwe kwa kukaribiana zaidi, kwa sababu bati huanza kufunguka pembeni. Pili, kenchi imeshikwa na nini? Nyumba nyingi za Pwani kenchi imekaa tu juu ya ukuta kwa misumari miwili. Zungusha waya mzito au ukanda wa chuma kutoka kenchi hadi kwenye mkanda wa zege au nguzo, kila kenchi peke yake, ukaze kwa koleo mpaka waya ulie. Kazi hii haimalizi siku mbili na gharama yake haifiki bei ya mabati mapya. Kama una uwezo wa jambo moja tu katika yote niliyoandika, chagua hili.

Paa la makuti likiondoka haliui kama bati, lakini nyumba inabaki wazi. Mwenye makuti aondoke mapema. Minazi iliyo karibu iangushwe nazi zote na makuti makavu, maana nazi inayorushwa na upepo ni hatari kubwa. Matawi ya mwembe yaliyoegemea paa yakatwe. Vibao vya kuziba madirisha viwe vimekatwa na kutobolewa mapema, viandikwe kila kimoja ni cha dirisha lipi. Wapo wanaosema ufungue dirisha la upande mwingine ili upepo upite. Usifungue. Upepo ukiingia ndani hulisukuma paa kutoka chini.

Wavuvi nawaandikia kwa uchungu, kwa sababu najua kukaa nchi kavu siku nne ni siku nne bila mboga. Lakini bahari ya kimbunga haina ujuzi unaoishinda. Ngalawa na mashua zivutwe juu kabisa, mbali na alama ya maji ya bamvua, mlingoti ushushwe, chombo kifungwe kwenye shina lenye mizizi mirefu, injini na nyavu zirudi nyumbani. Angalieni kalenda ya mwezi: kimbunga kikikutana na bamvua wakati maji yanajaa, bahari itapanda pale ambapo hata wazee hawajaiona. Kikifika wakati wa maji mafu, mna nafuu kidogo. Mbuzi na ng'ombe wafunguliwe kamba na kupelekwa mwinuko. Mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Fanyeni zoezi moja usiku. Zima swichi kuu, muite kila mtu, muone itachukua muda gani kila mmoja kuvaa viatu vya kufunga, si ndala, na ndoo kufika mlangoni. Mara ya kwanza mtagundua tochi haina betri na mtoto mmoja amerudi kulala. Ndiyo maana ya zoezi.

Kama mmelazimika kubaki, kaeni chumba kidogo cha katikati, mbali na madirisha, magodoro yakiwa juu ya watoto. Gesi ifungwe, umeme uzimwe. Na upepo ukikatika ghafla kama umefungwa mlango, mkaona hata nyota, msitoke. Huenda ni katikati ya kimbunga imewapitia. Baada ya muda upepo unarudi kutoka upande wa pili, na kinachoning'inia ndipo kinapoanguka. Ngojeni taarifa ya redio.

Asubuhi yake kazi ya kwanza ni watu: ita majina, kisha gonga kwa jirani, hasa kwa mzee anayekaa peke yake. Nyaya zilizolala chini hazijafa mpaka shirika la umeme liseme zimekufa. Kila anayetembea avae viatu, maana kifusi kimejaa misumari, na nyoka waliofukuzwa na maji wamo ndani ya majumba na kwenye marundo. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kimechanganyika na vyoo. Maji yake yachemshwe hadi yatokote kwa nguvu, au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa, mpaka watu wa afya wakipime. Kipindupindu kinaweza kufuata mafuriko baada ya siku chache tu. Vyandarua vianikwe na kutungikwa usiku huo huo hata kama mnalala uani.

Kabla hujaokota bati lako la kwanza, piga picha nyumba pande zote nne, na umwone mtendaji aiandike kwenye tathmini. Kisha ndipo uite fundi. Usimkubalie arudishe paa kama lilivyokuwa kwa haraka ya kukwepa mvua: funikeni turubai wiki mbili, tafuteni waya, mfunge kila kenchi.